Je, ugonjwa huzoea watu? Habari ya sungura wa Australia



Jioni moja, katika safari ya kutembelea vijiji, katekista mmoja mzee alikaa karibu nami kwenye moto. Mchana ule wauguzi walikuwa wamepita pale kuchanja watoto, na mama wengine waliwaficha watoto wao mashambani. Mzee yule, mtu wa sala na wa akili, aliniambia hivi: «Padri, usiwalaumu sana. Wazee wetu walituambia kwamba ugonjwa ni kama mgeni. Ukifika mara ya kwanza ni mkali, haujui watu, unaua. Ukikaa, unazoea nyumba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi kuchanja ni kwa nini? Tuuache ukae, utatuzoea wenyewe.»

Sikumjibu upesi. Maneno yake hayakuwa ya ujinga. Mimi mwenyewe nilifundishwa karibu vile vile, ila kwa maneno ya vitabu. Theobald Smith, Mmarekani (1859–1934), mmoja wa wataalamu wakubwa wa elimu ya mikrobe, alifundisha kwamba kijidudu na yule anayekibeba huelekea polepole kupatana. Kijidudu kinachomuua mwenyeji wake kinabomoa nyumba kinamoishi. Kwa hiyo waganga wengi walisema: ugonjwa mkali ni ugonjwa mpya, ugonjwa mpole ni ugonjwa wa zamani. Kumbe wazee wa kijiji na mabwana wa vitabu walikuwa wanasema neno moja.

Je, neno hilo ni kweli? Tunapashwa kuulizia historia. Lakini ulizo hili ni gumu, maana magonjwa mengi ya watu yalianza zamani sana, na hakuna mtu aliyeweka kijidudu cha siku ya kwanza ndani ya chupa ili wajukuu waje kukilinganisha na kile cha siku zao. Mara moja tu jambo hilo lilifanyika vizuri, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya macho ya wataalamu. Halikufanyika kwa watu. Lilifanyika kwa sungura, katika inchi ya Australia. Nataka kuwaeleza habari hiyo, kiisha turudi kwa mzee wetu.

1. Sungura 24

Zamani Australia haikuwa na sungura. Mwaka 1859 tajiri mmoja Mwingereza, jina lake Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kwa meli kutoka Uingereza. Akawaweka katika shamba lake la Barwon Park, katika jimbo la Victoria, apate kuwawinda pamoja na rafiki zake. Hawa si sungura wetu wa porini, bali ni wale tunaowafuga katika vibanda na kuwaita lapini. Huko Ulaya wanaishi porini na kuchimba mashimo.

Inchi ile ilikuwa na majani mengi na maadui wachache. Sungura wakazaa, na watoto wao wakazaa. Katika muda wa miaka 50 hivi walienea karibu inchi nzima, upande wa kusini wote. Walikula majani ya kondoo na mazao ya mashamba, wakaacha udongo mtupu unaopeperushwa na upepo. Serikali ya Australia ya Magharibi ilijenga ua wa waya toka mwaka 1901 mpaka 1907. Ua wa kwanza peke yake ulikuwa na urefu wa kilometa zaidi ya 1,800, lakini sungura walikuwa wamekwisha kupita kabla haujamalizika. Karibu na mwaka 1950 watu walikadiria kwamba sungura wa Australia walikuwa milioni 600.

Mapema kabisa watu walifikiri kuwaua kwa ugonjwa. Mwaka 1887 serikali ya New South Wales iliahidi zawadi ya pauni 25,000 kwa mtu atakayepata njia ya kuwamaliza. Bwana Pasteur mwenyewe, mtaalamu mkubwa wa Ufaransa, alimtuma mpwa wake Adrien Loir mwaka 1888, akichukua mikrobe wa kolera ya kuku. Serikali haikukubali wafunguliwe. Jambo likalala.

2. Kijidudu kilichokuwa kipole kwao

Mwaka 1896, katika mji wa Montevideo, inchi ya Uruguay, daktari Giuseppe Sanarelli, Mwitalia, alikuwa na sungura wa Ulaya katika nyumba yake ya uchunguzi. Gafula wakaanza kuvimba macho, pua na masikio, wakafa karibu wote. Ugonjwa huo ukaitwa miksomatosi. Unatoka kwa virusi, yaani kijidudu kidogo kuliko mikrobe wa kawaida, kisichoweza kuzaa ila ndani ya mwili wa kiumbe kingine. Kijidudu hiki ni wa jamaa moja na kile cha ndui. Tulikumbuke neno hili, maana litatufaa mbele.

Kilitoka wapi? Daktari Aragão wa Brazili alichunguza miaka mingi, akakuta kwamba huko Amerika ya Kusini kuna sungura wa porini wa namna nyingine, anayeitwa tapeti. Tapeti akipata kijidudu hiki, anatoka uvimbe mdogo katika ngozi tu, anaendelea kula na kuruka. Mbu anakuja kumnyonya, mdomo wake unagusa uvimbe ule, unapakwa virusi, na mbu anapeleka kwa tapeti mwingine. Kijidudu ni kile kile. Kwa tapeti ni kama kipele. Kwa sungura wa Ulaya ni kifo.

Sababu yake ni nini? Kila mwili una walinzi wake wanaopigana na vijidudu. Kijidudu nacho kina hila zake za kuwafunga walinzi hao, zilizopimika kadiri ya mwili wa tapeti. Kilipoingia katika mwili wa sungura wa Ulaya, ambaye hakupata kukutana nacho hata siku moja, hila zile zile zilipita kipimo: walinzi wakalemewa kabisa, na kijidudu kikaenea mwilini mote. Hakikukusudia kuua. Hakina nia wala akili. Kiliingia nyumba ambayo kipimo chake hakikulingana nayo.

3. Mwaka 1950, katika bonde la mto Murray

Mwaka 1919 Aragão aliwaambia Waaustralia kwamba kijidudu hiki kingeweza kuwaondolea sungura. Waliogopa na kusitasita miaka 30. Mwishowe, mwaka 1950, wataalamu wa serikali waliwapiga sungura sindano za virusi katika mahali mbalimbali pa bonde la mto Murray, wakawaachilia. Mwezi baada ya mwezi wakangoja. Wagonjwa walikufa, lakini ugonjwa haukuenea. Wataalamu wakadhani kazi imeharibika.

Lakini mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, na mbu wakazaliana kando ya mito. Mwezi wa Desemba 1950 habari zikaanza kufika: sungura vipofu, wenye vichwa vilivyovimba, wanaanguka barabarani. Katika miezi michache ugonjwa ulifwata mito na kuenea zaidi ya kilometa 1,000. Wakulima walishangilia.

Wakati ule ule, mwaka 1951, ugonjwa wa ubongo uliwashika watu katika bonde lile, na wengine walikufa. Watu wakasema: «Ni virusi vya sungura!» Hofu ikawa kubwa. Ndipo wataalamu watatu, Macfarlane Burnet, Frank Fenner na Ian Clunies Ross, walipojipiga wenyewe sindano ya virusi vya sungura. Hawakupatwa na kitu. Ugonjwa wa watu ulitoka kwa kijidudu kingine. Nami nasema, ni vizuri tukumbuke tendo hilo: waliotaka watu wawasadiki walitangulia kutoa mikono yao wenyewe.

4. Fenner anapima

Frank Fenner (1914–2010) alikuwa munganga aliyefanya kazi jeshini juu ya malaria wakati wa vita vya pili vya dunia. Aliona kwamba hapa historia inampa nafasi isiyorudi. Kijidudu kilichofunguliwa mwaka 1950 kilikuwa kimewekwa ndani ya chupa. Kila mwaka angeweza kukamata kijidudu kipya porini na kukilinganisha na cha kwanza. Akafanya hivyo miaka mingi pamoja na wenzake.

Alichukua sungura wa kufugwa, ambao wazazi wao hawakujua ugonjwa huu, akawapa vijidudu vya kila mwaka, akahesabu waliokufa na siku walizoishi. Akapanga madaraja matano. Kijidudu cha daraja la I kinaua karibu wote, katika siku zisizozidi 13. Kijidudu cha daraja la III kinaua 70 mpaka 95 katika 100, nao wanaishi siku 17 mpaka 28. Kijidudu cha daraja la V kinaua chini ya nusu.

Kile cha mwaka 1950 kilikuwa cha daraja la I. Karibu na ziwa Urana, katika New South Wales, kiliua porini sungura 998 katika kila 1,000. Lakini miaka michache tu baadaye, vijidudu vingi vilivyokamatwa porini havikuwa tena vya daraja la I. Vilikuwa vya daraja la III.

Huko Ulaya mambo yalikuwa vile vile. Tarehe 14 Juni 1952 daktari Paul-Félix Armand-Delille, Mfaransa, aliingiza kijidudu hiki katika shamba lake la Maillebois ili aondoe sungura wake tu, ndani ya ukuta wake. Kikatoka. Mwaka 1953 kilikuwa kimekwisha kufika Uingereza, na sungura wengi mno wa Ulaya ya Magharibi walikufa. Daktari alitozwa faini mwaka 1955, kisha mwaka 1956 akapewa nishani ya zahabu. Ndivyo wawindaji na wakulima walivyogawanyika juu yake. Kule nako, kijidudu kilianza daraja la I, kikashuka mpaka katikati.

Waliosoma habari hizo walifurahi, wakasema: «Tazama, Theobald Smith alisema kweli. Ugonjwa unazoea.» Na wengi wakafunga kitabu hapo. Lakini walikuwa wamesoma nusu tu.

5. Abiria na mtumbwi

Tutazame vema. Kijidudu hakikushuka mpaka daraja la V, wala hakikuwa kipole kama kwa tapeti. Kilisimama katikati, mahali panapoua bado sungura 70 mpaka 95 katika 100. Je, huo ni upole? Kwa nini kilisimama pale?

Sisi tunaokaa karibu na ziwa tutaelewa kwa mfano huu. Kijidudu ni abiria, sungura ni mtumbwi, na ng'ambo ya pili ni sungura mwingine. Abiria hana kazi nyingine ila kuvuka. Kijidudu cha daraja la I kinatoboa mtumbwi vibaya hata unazama katika siku chache. Mbu wanapata nafasi ndogo ya kuja kunyonya. Abiria amezama pamoja na mtumbwi. Kijidudu cha daraja la V hakitoboi sana, lakini hakizai sana. Uvimbe wa ngozi una virusi kidogo, mdomo wa mbu haupakwi vya kutosha, tena sungura anapona upesi. Mtumbwi ni mzima, lakini abiria hakupanda. Kile cha daraja la III kinazaa wengi katika ngozi, na sungura anaishi wiki tatu hivi huku anaoza polepole. Siku zote hizo mbu wanakuja. Abiria huyo ndiye anayevuka.

Basi si mapatano. Ni hesabu. Vijidudu vinapozaa, mara kwa mara watoto wanatofautiana kidogo na wazazi: huyu mkali zaidi, huyu mpole zaidi. Hakuna anayechagua kwa akili. Wanaovuka wengi ndio wanaojaza porini, basi. Mwaka 1982 wataalamu wawili, Roy Anderson wa Uingereza na Robert May, mzaliwa wa Australia, walichukua hesabu za Fenner na kuonyesha neno hili kwa njia ya hesabu kamili: kijidudu huelekea kipimo kile cha ukali kinachokipa watoto wengi zaidi. Kipimo hicho pengine ni cha chini, pengine cha katikati, pengine cha juu sana. Kinategemea njia ya kuvukia.

6. Sungura nao, na bei waliyolipa

Fenner na wenzake walipima upande wa pili vilevile. Kila mwaka karibu na ziwa Urana walikamata sungura wachanga wa porini, wakawapa kijidudu kimoja tu, kile kile kilichohifadhiwa. Mwanzoni kiliua 90 katika 100. Baada ya vipindi saba vya ugonjwa, mwaka baada ya mwaka, kijidudu kile kile kiliua 25 katika 100. Kijidudu hakikubadilika, maana kilitoka katika chupa. Sungura ndio waliobadilika.

Je, sungura walizoea? Hapana, ndugu zangu, na hapa ndipo ninapotaka tusimame. Hakuna sungura hata mmoja aliyezoea. Wale 998 hawakuzoea, walikufa. Wawili waliobaki katika 1,000, wengine walikuwa na bahati tu, wengine walikuwa na kitu katika damu yao kilichowasaidia, nao wakawarithisha watoto wao. Mwaka 2019 wataalamu walilinganisha sungura wa zamani waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho na sungura wa siku hizi, wa Australia, Ufaransa na Uingereza. Walikuta kwamba katika inchi zote tatu urithi ule ule ulikuwa umechaguliwa, na sehemu yake kubwa ni ya walinzi wa mwili.

Hiyo ndiyo maana ya neno «kuzoea» tunapolitumia kwa ugonjwa. Waliozoea ni wajukuu wa waliobaki. Na sungura huzaa akiwa na miezi michache. Mtu anangoja miaka 20 au 25. Kitu kilichowachukua sungura miaka saba, sisi kingetuchukua labda miaka mia mbili, na makaburi yake.

7. Habari haikuishia hapo

Sungura walipopata nguvu, ikawaje? Ikiwa ugonjwa huelekea upole, ungetulia. Lakini mtumbwi ukiwa imara zaidi, abiria mpole havuki tena. Sungura mwenye nguvu anamwondoa upesi. Kwa hiyo vijidudu vikali vikapata nafasi tena. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vijidudu vya Australia vilivyokamatwa miaka ya 1990. Walipowapa sungura wa kufugwa, wale wasio na urithi wa kinga, vingine viliwaua kwa namna mpya: uvimbe mdogo wa ngozi, lakini walinzi wa mwili wakaanguka kabisa, mikrobe wengine wakaingia, na sungura akafa upesi. Miaka 40 ya kukaa pamoja ilikuwa imezaa ugonjwa mpya, mkali kuliko ule uliotangulia.

Ndivyo ilivyo kwa majirani wawili wanaoshindana: huyu anaongeza ukuta, yule anaongeza ngazi.

Kuna mfano mwingine, katika inchi ile ile. Mwaka 1984 ugonjwa mpya wa sungura ulionekana huko China. Unatoka kwa virusi vingine, unaharibu ini, unaua katika siku mbili tatu. Waaustralia waliupima kwanza katika kisiwa cha Wardang, lakini mwaka 1995 ulitoroka ukaingia bara. Kijidudu hiki hakikushuka. Sungura walipoanza kupata nguvu, kijidudu kiliongeza ukali, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2014 vilionyesha hivyo. Kwa nini hiki hakikufwata njia ya kile cha kwanza? Wataalamu wanaona sababu katika njia ya kuvukia. Kile cha kwanza kinavushwa na mbu, na mbu anataka damu ya sungura aliye hai. Hiki kinavushwa pia na nzi wanaotua juu ya mzoga. Kwa abiria wa namna hii, mtumbwi uliozama nao ni njia.

8. Na magonjwa ya watu?

Tuache sasa sungura, tuwatazame watu. Nimesema kwamba virusi vya miksomatosi ni jamaa ya ndui. Ndui ilikaa na watu zaidi ya miaka elfu moja. Je, ilizoea? Palikuwa na ndui ndogo, iliyoua mtu mmoja hivi katika 100, lakini ndui kubwa iliendelea kuua karibu 30 katika 100 mpaka miaka yake ya mwisho. Haikumalizwa na mazoea. Ilimalizwa na chanjo, kijiji kwa kijiji. Katika Kongo mgonjwa wa mwisho alionekana mwaka 1971. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa lopitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Na mwenyekiti wa tume iliyothibitisha mbele ya mataifa, mwaka 1980, kwamba ndui imekwisha, alikuwa nani? Frank Fenner yule yule wa sungura. Mtu aliyejua kuliko wote namna ugonjwa unavyoweza kushuka wenyewe, hakuungojea ushuke.

Tena tukumbuke Yambuku, katika misioni ya kaskazini ya inchi yetu, mwaka 1976. Ebola ni kama miksomatosi siku ile ya Montevideo: kijidudu cha nyama wa porini kilichoingia mwili kisioujua. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati yao masista waliowahudumia. Lopitali ilikuwa na vitu vichache. Sindano tano tu zilitolewa kila asubuhi kwa wagonjwa wengi. Mgonjwa wa Ebola aliyelala hawezi kutembea kwenda kwa mwingine. Sindano ilitembea kwa niaba yake, kama mbu wa mto Murray. Nasema hivi bila kumhukumu mtu. Walitoa maisha yao. Lakini tunapashwa kujua: tukiweka njia inayovusha ugonjwa hata kutoka kwa mtu asiyeweza kuinuka, tumeondoa lile jambo moja lililokuwa linazuia ukali wake.

Na karibu nasi zaidi kuna mpox, jamaa mwingine wa ndui. Mtu wa kwanza aliyejulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa Basankusu, mwaka 1970. Wakati huo wengi walikuwa wamechanjwa ndui, na chanjo ile iliwakinga na hii pia kwa sehemu kubwa. Ndui ilipokwisha, chanjo ikaachwa, na watoto wa leo hawana kinga hiyo. Mwaka 2023, huko Kamituga katika Kivu ya Kusini, ilionekana namna mpya inayopita kutoka mtu kwa mtu bila kungoja nyama wa porini. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza hatari kwa mataifa yote. Tangazo hilo liliondolewa mwaka 2025. Kijidudu hicho kinajifunza njia ya kuvukia kwetu, kwa namna ile ile isiyo na akili. Kitashuka au kitapanda? Habari ya sungura inatufundisha kwamba tusitegemee umri wake. Tutazame njia zake.

9. Jibu kwa mzee

Basi nilimwambia mzee katekista hivi. «Baba, neno la wazee lina kweli ndani yake. Kuna magonjwa yaliyopungua ukali. Lakini ugonjwa si mgeni. Mgeni ana macho, anaona uchovu wa mama mwenye nyumba, anapata haya, anashika jembe. Kijidudu hakina macho wala haya. Ukali wake unapanda au unashuka kadiri ya njia inayokivusha. Tukiziba njia kwa chanjo, kwa sindano safi, kwa chandarua, kwa maji safi, kwa namna nzuri ya kuzika wafu wetu, tunakinyima mtumbwi. Tukiacha njia wazi na kungoja, tunakuwa kama sungura.»

Nikamweleza habari yote, kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza mpaka moto ulipopungua. Mwishowe aliuliza neno moja tu: «Padri, katika sungura elfu, walibaki wangapi?»

Nikamjibu: «Wawili.»

Akanyamaza. Asubuhi, kabla ya misa, nilimwona amesimama mbele ya kanisa akiwa na wajukuu wake wanne, akiwauliza watu wauguzi wamelala nyumba gani.

Ndugu wanaseminari na makatekista, watu wetu watatuuliza ulizo hili mara nyingi. Tusiwacheke, maana wakubwa wa elimu nao walifikiri vile. Tuwaeleze habari ya sungura, pamoja na nusu ile ya pili ambayo wengi hawakuisoma.